Mnara Uliokunywa Chaji Yangu

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba minara ya simu inaendeshwa kwa chaji inayonyonywa kwenye simu zetu. Aliyenipa habari hizo alikuwa mwanafunzi mwenzangu wa masomo ya jioni pale Ipagala, mtu mzima aliyeuza kava za simu mchana na kusinzia darasani jioni. Aliniuliza swali moja tu: "Ule mnara wa kilimani, njia ya Makutupora, umewahi kuona waya wa umeme ukienda pale?"

Nikasema sijawahi.

"Sasa unadhani unakula nini?"

Na kweli, nilipopata kazi kwenye shamba la zabibu Makutupora, simu yangu ilikuwa inazima kabla ya saa sita mchana, wakati mjini chaji hiyohiyo ilinifikisha jioni. Nilitaka ushahidi gani tena? Mwenzangu akanipa na dawa: ingia kwenye mipangilio, toa 4G, weka 2G. "Mrija wa 4G ni mnene kama bomba la zimamoto," alisema. "Wa 2G ni mrija wa soda. Mnara utakunyonya, lakini kwa taabu."

Nikaweka 2G, na chaji ikaanza kufika saa kumi. Basi nikawa mhubiri. Nilihubiri kwenye mistari ya mizabibu, nilihubiri kwenye foleni ya uji, nadhani niliongoa nusu ya wilaya. Aliyenipinga ni mmoja tu, mfanyakazi mwenzangu kutoka Mlali, mtu wa makamo ambaye tangu siku ya kwanza hakuniita jina lingine ila Msomi. "Msomi," alikuwa akisema, "huko kwenye shule yenu ya jioni, taa huwa zinawaka kweli?"

Alhamisi moja nilipewa kazi ya kusafisha tangi la maji. Ni tangi la zege lililochimbiwa ardhini, kina chake mita tatu. Nikisimulia baa huwa nasema sita. Juu lina tundu moja tu la kupita mtu asiye na kitambi. Maji ya mgao huja kila Alhamisi saa nane mchana, na koki ya kuyaingiza haifungwi kamwe, yanajileta yenyewe. Kwa hiyo mtu anayesafisha anatakiwa awe ametoka saa saba. Nilishuka kwa ngazi ya mbao saa nne, na fagio, ndoo, na simu mfukoni ikiwa na asilimia kumi na nne.

Sikujua kwamba siku hiyo jirani yetu, mzee mwenye shamba la pili, alikuwa anazikwa, na kwamba msimamizi wetu alikuwa ameshaamua kazi isimame saa tano ili wote twende. Msimamizi ni mama mmoja mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, lakini mimi nilikuwa naimba. Ndani ya tangi tupu mtu mmoja anasikika kama kwaya ya watu arobaini, na mimi niliimba sauti zote nne. Msibani wakahitaji ngazi ya kufungia turubai. Mwenzangu wa Mlali akaja kuichukua. Yeye husema aliita. Mimi husema alinong'ona. Alipotazama hakuona malapa yangu juu, akajua nimeshaondoka. Kumbe nilikuwa nimeshuka nayo, nakwangua tope kwenye kona ya mbali.

Nilipogeuka, ngazi haipo.

Kwanza nilicheka. Nikaita. Nikaita tena kwa ukali kidogo. Nikaruka, vidole vyangu vikaishia mbali kabisa na ukingo. Nikageuza ndoo nikapanda juu yake, ndoo ikapasuka. Nikapiga kelele mpaka masikio yangu mwenyewe yakaniomba ninyamaze, na kilichokuja kuchungulia tundu lile ni mbuzi. Akanitazama kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu, akaenda zake. Hapo nikaelewa kwamba shambani hamna mtu, hata mlinzi. Saa sita na nusu. Na mimi, kama watu wengi wa huku kwetu tuliolelewa kwenye makorongo makavu, sijui kuogelea hata kwenye beseni.

Nikatoa simu. Dakika za kupiga sikuwa nazo, nilikuwa na bando la intaneti peke yake. Nikamtumia mwenzangu wa Mlali ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie". Nikautuma mara tatu, mpaka mtandao ukaniambia nimemaliza wa siku hiyo. Hakupiga. Na sikuweza kumlaumu, maana mwezi mzima nilikuwa nikimtumia ujumbe huohuo kumuuliza kama chai imeiva.

Ikabaki wasapu. Kwenye kundi la shamba nikarekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili: nikawaamkia wakubwa, nikawajulia hali wote, nikaeleza historia ya tangi, mwishoni nikataja kwamba nimo ndani yake. Nikabonyeza. Alama ya saa ikatokea kando ya ujumbe, ikakaa. 2G ilikuwa inaubeba ujumbe wangu kama sisimizi anayehamisha kabati. Saa saba ikafika, saa saba na nusu, alama ipo palepale. Kipande cha jua kilichoingia kwa tundu kilikuwa kimetoka ukutani, kimenifuata hadi miguuni. Chaji asilimia tisa.

Najua msomaji anasema: weka 4G, mjinga wewe. Lakini mimi niliuona ule mrija wa zimamoto. Niliamini nikibonyeza tu, mnara utameza zile asilimia tisa kwa pumzi moja, na nitabaki na kioo cheusi gizani. Niliipakata ile simu kama kifaranga. Nikaketi, nikasimama, nikapapasa kuta zote nne kwa mara ya mia. Zege halina pa kushika. Nilianza kupumua kama mtu aliyekimbia, na sikuwa nimekwenda popote.

Ndipo bomba likakohoa.

Lilikohoa hewa, likanyamaza, likakohoa tena, likatema maji mekundu ya kutu. Nikafuta ule ujumbe wa sauti, nikaweka 4G, nikaandika maneno manne: NIMO NDANI YA TANGI. Nikafumba macho nikibonyeza. Nilipoyafumbua, alama mbili zilikuwa zimetokea. Chaji ilikuwa asilimia tisa. Nikasubiri imezwe. Tisa. Maji yakafunika malapa. Tisa. Yakafika ugokoni, na simu ikaita.

"We kijana, uko wapi?" Alikuwa mama msimamizi, anaongea kwa sauti ya chini ya msibani.

"Shikamoo mama. Nimo kwenye tangi."

"Marahaba. Tangi la nani?"

"La kwetu, mama! Maji yameshaingia!"

Sikusikia jibu kwa sababu alikuwa ameshaacha kunong'ona. Nilisikia msiba mzima ukiambiwa ulete ngazi.

Walikuja kwa bodaboda, mwenzangu wa Mlali nyuma ameikumbatia ngazi kama bibi harusi. Maji yalikuwa magotini. Huwa nasema kifuani. Alininyooshea mkono, na kwa mara ya kwanza hakuniita Msomi. Alisema, "Ndugu yangu, nisamehe."

Tulirudi msibani, mimi nikiwa nimelowa. Mama msimamizi akaniwekea sahani ya wali, akasubiri nile kidogo, kisha akauliza kwa nini sikuandika mapema. Nikamweleza habari ya mnara, kava, mirija, yote. Hakucheka.

"Ule mnara uko kwenye kiwanja cha shemeji yangu," alisema. "Una sola, na una jenereta, gari la dizeli linapita mlangoni kwangu. Simu yako inaishiwa chaji kwa sababu huku mtandao ni hafifu, inahangaika kuutafuta. 2G inapunguza hangaiko kama huna haja na intaneti. Ukiwa na haja nayo, rudisha 4G. Mnara hauli chaji ya mtu."