Shuka za Chapa ya Tausi

Mama mdogo aliyenilea huku juu Newala hakuvaa merikani yoyote, kile kitambaa kizito cha pamba, isipokuwa ya chapa ya tausi. Ndege huyo alipigwa muhuri wa wino wa buluu kwenye pindo, naye alijifunga shuka kwa namna ambayo tausi alikaa kwenye nyonga, mbele ya macho ya watu. Alipofua, pembe ile haikuguswa na maji. Enzi hizo za Wajerumani maji tuliyafuata bondeni, asubuhi nzima ikaisha, na hata huko aliteremka amejipamba kama anayekwenda harusini.

Shuka zilizidi. Kasha likajaa, nyingine zikapandishwa darini bila kukunjuliwa. Baba mdogo, mume wake, akakosa raha.

"Mwanangu," aliniambia, wakati huo nimeshatoka unyagoni na ninachumbiwa, "hizi nguo kuna mwanamume anazitoa. Mama yako akishuka tena Masasi, fuatana naye. Fungua macho."

Nikaenda. Kila mwanamume aliyetuamkia njiani nilimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Lakini tulipofika dukani mama mdogo alifungua mzigo wake mwenyewe: nta, mpira wa porini, na chini kabisa ufuta wetu wa mbegu. Huo ndio tuliouweka tupande msimu ujao.

"Karibu, Mama Tausi!" alisema mwenye duka, mtu wa pwani. Nikamwona mama mdogo akinyoosha mgongo kana kwamba ameongezwa kimo.

Aliletewa merikani nzito isiyo na chapa. Akaisukuma pembeni. Mwenye duka akasema ya tausi ipo ndani, akaichukua ile ile na kuingia nyuma ya pazia. Upepo ulipolipeperusha nilimwona ameinama, anagonga kitu juu ya kitambaa. Aliporudi, tausi alikuwa anang'aa na wino ulikuwa bado unanuka.

Tulipotoka mjini nikamwambia, "Mama, yule anakudanganya. Chapa anaigonga mwenyewe."

"Nimejua siku nyingi."

"Sasa unanunua nini?"

Akatua mzigo. "Nilipokuwa msichana nilitekwa nikauzwa. Nilivalishwa kipande cha kaniki, nguo nyeusi ya watumwa, na kila nilikopita watu waliulizana, huyu ni wa nani? Nikivaa tausi hakuna anayeuliza. Wananiamkia shikamoo."

"Basi moja ingetosha."

"Najiambia hivyo kila nikitoka nyumbani. Nikifika dukani naingiwa na hofu kwamba ile ya nyumbani imeshachakaa."

Nilimweleza baba mdogo habari ya ufuta. Hakuniamini. Alituangalia sote wawili kwa jicho la pembeni, akiamini tumepanga maneno.

Kisha vita vya Maji Maji vikatufikia. Tulisikia kwamba wapiganaji waliokunywa dawa wamefika Masasi na duka limechomwa. Jirani mmoja, mwanamke aliyekuwa akizisifu shuka zile, akasema kwa sauti ili tusikie, "Anayevaa alama za wageni ndiye anayewapelekea habari." Siku hiyo hiyo tukakimbilia vichakani, na huko nako wenzetu hawakututaka.

"Nguo zenu zinaonekana mbali," walisema. "Au ndivyo mnavyotaka?"

Mama mdogo alifungua mzigo aliokimbia nao. Alizikanyagia shuka zake kwenye matope moja baada ya nyingine, tausi na yote, machozi yakimtoka bila sauti. Wakaturuhusu tukae, lakini walituchunga kwa macho usiku na mchana.

Vita vilipopita ikaja njaa, maana vyakula vilikuwa vimechomwa au kuchukuliwa. Mama mdogo alizunguka na shuka kubadilisha na mihogo mikavu. Wenye mihogo hawakutafuta chapa. Walisugua kitambaa kwa vidole wakapima unene wake. Baba mdogo aliila mihogo hiyo, na hakuuliza tena shuka zilitoka kwa nani.

Mvua zilipotulia akaja mfanyabiashara mwingine na merikani ya chapa ya mwavuli. Mama mdogo alikwenda kuitazama, akarudi mikono mitupu akisema ni takataka.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunapalilia. Akasimama, akaegemea jembe.

"Yule jirani aliyetusema amejifunga mwavuli," alisema. "Ulimwona watu walivyomwamkia?"

Nilikuwa nimemwona. Nikamwambia sikumwona, nikaendelea kupalilia.