Jicho la Mbuzi wa Doldol

Nilipoleta nyumbani runinga ya inchi hamsini na tano, mama alianza papo hapo kupima kitambaa cha kufuma cha kuifunika. Baba aliitazama kama mgeni aliyekuja na mizigo mingi.

"Hii ni kubwa ya nini? Ati ile ingine iko na makosa gani?"

Moyoni nilichemka. Niliinunua kwa ajili yake. Tangu nyonga yake iharibike, hakuwa akivuka lango letu hapa Nyeri. Yeye ambaye ukoo mzima ulimwita kuchagua mifugo, sasa alikuwa mtu wa kuulizwa kama amekunywa dawa.

Kisha kaka yangu akapata mchumba Kianyaga. Posa ya kwetu hufunguliwa kwa mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa, wasio na dosari yoyote. Wapelekee wakwe mnyama mbovu uone utakavyosemwa. Kaka alikuwa amepata wawili kwa mfanyabiashara wa mifugo kule Doldol, na kwa nyonga ile baba asingeweza kustahimili barabara ndefu ya mawe ya huko.

"Chagueni tu," alisema, akageukia ukuta. Iliniuma sana.

Nikaomba video, nikaiweka kwenye runinga. Aibu gani hiyo! Kwenye simu mbuzi alikuwa safi. Kwenye inchi hamsini na tano alikuwa uji. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Umetuletea ukungu ya mlima ndani ya nyumba!"

Mimi sishindwi kirahisi hivyo. Video ikitumwa kama ujumbe wa kawaida, simu huibana na picha hupoteza vitone vyake, na kioo kikubwa hakiwezi kuonyesha kisichotumwa. Nikampigia mfanyabiashara, nikamwomba arekodi upya kwa ubora wa juu kabisa, asogee karibu na wanyama, kisha aitume kama faili. Alilalamika kwamba mtandao wa Doldol ni wa kubembelezwa, lakini alituma.

Safari hii ungeweza kuhesabu manyoya. Kondoo alipita, baba akatikisa kichwa kukubali. Mbuzi alipotokea, aliweka kikombe chini na kuvuta kiti mbele.

"Simamisha hapo. Rudisha." Akanyoosha fimbo hadi karibu aguse kioo. "Hiyo jicho ya kushoto iko na doa."

Kaka hakuona kitu. Mimi nililiona baada ya kukodoa macho: jeupe, dogo kama punje ya wimbi. Tulipopiga simu, mfanyabiashara aliapa kwamba mbuzi ni mzima, kisha akaenda kumshika.

"Mzee, kumbe ni kweri! Na mimi ndiye niko na yeye hapa!"

Akarekodi wengine watano. Baba alimchagua wa tatu, baada ya kumtazama kwato kwa kwato.

Siku ya posa baba alivuka lango, tukamshika mikono hadi garini, na huko Kianyaga wazee walifungua midomo ya wale wanyama, wakafunua kope, wakapapasa miguu. Hawakupata kitu. Mmoja akamgeukia baba.

"Hizi ulichagua wewe? Na hiyo mguu, Doldol ulifika aje?"

"Nilifika," baba alijibu, kifua mbele, "na nilikaa karibu na mbuzi kuliko mwenyewe." Kisha akaninyooshea ile fimbo. "Huyu ndiye alinipereka."

Nililia pale pale mbele ya wakwe, na sikujali.