Koleta na Chai ya Wajapani

Koleta anauza chai ya tangawizi karibu na stendi ya Same, na hata ukimpita bila kununua atakusalimia vilevile. Ni mzaliwa wa Chome, Mkatoliki. Aliolewa Mamba kwa Walutheri, kwa jirani yangu Mama Rogathe. Ndoa ile haikumpendeza Rogathe, lakini aliivumilia, mpaka mwanawe Eliufoo, mume wa Koleta, alipougua tumbo ghafla akafa.

Hapa nieleze jambo ambalo vijana hawalijui tena. Zamani kwetu Upareni mtu hakukabidhiwa kinywaji hivihivi. Mwenye dengelua, pombe yetu ya miwa, alichota kwa kata, akanywa funda la kwanza mbele ya macho ya mgeni, ndipo akampa. Funda lile lilisema: kilichomo humu, mimi nimetangulia. Siku hizi kila mtu na chupa yake yenye kifuniko, na misibani wapishi wa kukodi wanagawa chakula kwenye sahani za plastiki kama wanalisha jeshi. Adabu imekufa, wala hakuna aliyekwenda kuizika.

Koleta ni mtoto wa siku hizi. Kwenye matanga ya mumewe alimletea mama mkwe kikombe cha uji, akampa kwa mikono miwili, lakini hakuonja. Rogathe alikitazama kile kikombe, akakimwaga chini mbele ya waombolezaji. Hakueleza sababu. Tangu siku ile hakupokea tena kitu cha kutia kinywani kutoka mkononi mwa Koleta, na Mamba nzima ikaelewa anamshuku nini. Mimi sikuamini, maana Eliufoo nilimjua na vidonda vyake vya tumbo tangu ujana. Lakini maneno ya jirani hayafuti shaka ya mzazi aliyefiwa. Koleta akavumilia weee, mwishowe akashuka Same na binti yake Beatha na gunia la tangawizi.

Huko ndiko alikokutana na Mama Setsuko, Mjapani wa makamo anayeendesha shughuli za utamaduni wa kwao katika kituo kilicho nyuma ya soko. Watu huenda pale kuandika kwa brashi, kukunja karatasi ziwe ndege, na kupiga ngoma zao zile kubwa. Mara ya kwanza nilikwenda kwa hasira. Ngoma za Wapare zimenyamaza, halafu watoto wetu wafundishwe za Wajapani! Nikaketi karibu na mlango ili nipate cha kukosoa. Kumbe siku hiyo hapakuwa na ngoma. Setsuko alitumia asubuhi nzima kuwaonyesha watu namna ya kuingia chumbani: wapi uweke viatu, goti lipi litangulie, macho yatazame wapi. Kuingia tu! Nilirudi nyumbani nikijiuliza watu wanaoheshimu mlango kiasi hicho wanafanyaje kwenye mambo makubwa. Wiki iliyofuata nikarudi kuona.

Setsuko alikuwa mteja wa Koleta. Alikunywa chai yake ya tangawizi kila asubuhi, na siku moja akamwambia, "Nimekunywa yako vya kutosha. Njoo ujifunze yangu." Koleta akajifunza. Chai yenyewe ni unga wa kijani, hutiwa maji ya moto kwenye bakuli la udongo na kukorogwa kwa upekecho mdogo wa mianzi. Kukoroga kulimwingia upesi. Magoti ndiyo yaliyomtesa, maana hukaa juu ya visigino mpaka miguu ife ganzi. Nilimkuta mara nyingi akijizoeza na bakuli tupu, anainama, analigeuza, analisogeza kwa mgeni asiyekuwapo.

Ikakaribia siku ya Wajapani pale kituoni, watu wengi wakialikwa, na Koleta ndiye aliyepangiwa kuandaa chai. Akanifuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa nichague mgeni wa kwanza. Ndiye mwenye heshima kuliko wote. Nimemchagua mama. Naomba uniletee."

"Koleta, yule atakumwagia tena mbele ya watu."

"Amwage, basi nijue moja. Nimechoka kuishi nusu mke wa ukoo ule, nusu mchawi."

Nilipomwendea Rogathe nilimtajia ngoma, kwamba Beatha angepiga. Chai nayo nilimtajia, maana sipendi kumvuta mtu mzima kwa hila.

"Nitakuja kumwona mjukuu wangu," akasema. "Yule mwanamke akoroge majani yake. Mimi si mbuzi."

Beatha alipiga ngoma vizuri, na bibi yake akapiga vigelegele. Kisha tukaitwa chumbani, tukavua viatu, tukaketi kwenye mikeka. Rogathe alikuwa wa kwanza, mimi nikafuata, na baada yangu Athumani, mfanyabiashara wa mchele. Wazee wengine walisimama ukutani. Setsuko akaeleza kwa Kiswahili chake cha pole pole kwamba chai ya leo ni nzito, bakuli ni moja, na wageni wote hunywa humo kwa zamu. Nilishtuka. Bakuli moja, watu wengi! Nilidhani jambo hilo lilikuwa letu peke yetu, na kwamba lilikufa pamoja na dengelua.

"Na wa kwanza asipokunywa?" Athumani akauliza.

"Basi wengine hawanywi."

"Mama Rogathe, nimetoka Kisiwani na kiu yangu, usinitie hasara."

Watu wakacheka. Rogathe hakucheka. Koleta aliingia akipiga magoti, akakoroga bila sauti, akaligeuza bakuli, akalisogeza mbele ya mama mkwe wake, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

Rogathe hakugusa bakuli. Akamgeukia Setsuko. "Na huyu aliyekoroga, mbona hanywi?"

"Kwetu mwenye nyumba hanywi. Ananywa mgeni."

"Kwetu hutangulia yeye."

Hapo ndipo Koleta aliponyanyua uso. Nilimwona anaelewa, na nikaona lilivyomchoma. Miaka yote alidhani uji ule ulimwagwa kwa chuki tupu. Hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi mwenyewe nilidhani kila mke hufundwa kwao. Alimtazama mwalimu wake. Watu wa kituo wote walikuwa pale, na miezi yake yote ya magoti ilikuwa ndani ya bakuli lile. Setsuko aliinua mkono kidogo, kama anayetaka kumzuia, kisha akauweka juu ya paja.

Koleta akalichukua bakuli kutoka mbele ya mgeni. Akanywa funda moja, polepole, akimtazama Rogathe machoni. Akameza. Akalirudisha likiwa na alama ya kijani ukingoni.

"Karibu, mama."

Rogathe aliitazama alama ile. Kisha akalishika kwa mikono miwili, akaweka mdomo palepale penye alama, akanywa. Uso ukakunjamana wote.

"Loo! Hii ni chai au dawa ya minyoo? Wajapani mmekoseana nini?"

Athumani alicheka mpaka akashika mbavu, na Setsuko naye akacheka kwa kuziba mdomo. Rogathe akanisogezea bakuli. Ni chungu kweli, lakini baadaye huacha utamu fulani kooni ambao mpaka leo sijapata jina lake.

"Mama Beatha," Rogathe akaita. Sikuwa nimemsikia akimwita hivyo tangu msiba. "Nipe maji, nisafishe ulimi."

Koleta alitoka mbio, magoti yakiwa bado na ganzi, akarudi na glasi imejaa. Akapiga goti, akainua glasi mdomoni ili aonje.

"Lete hapa," Rogathe akasema. "Unataka kunimalizia maji?"

Akaipokea, akanywa yote.