Tangi la Samaki la Mke wa Askari

Tulikuwa tumetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kufungua kibanda cha chakula mjini Mbarara, mume wangu aliporudi siku moja akisukuma toroli lenye tangi la kioo la kufugia samaki. Alilinunua kwa mke wa askari mmoja wa kambi ya jeshi ambaye mumewe alikuwa amehamishwa. Mama huyo alifuata toroli hadi mlangoni kwetu.

"Mama, hii kitu iko sawa kabisa," aliniambia. "Samaki ilikufa tu. Halafu mimi naweka kuku ndogo ndani."

Nilichungulia, nikajuta. Kinyesi cha vifaranga kilikuwa kimegandamana chini, na ndani yake kulikuwa na kokoto za zamani zilizonasa magamba ya samaki. Kwenye pembe za kioo ulining'inia ute wa kijani uliokauka kama makamasi ya mtoto asiye na mtu. Harufu ilinishika kooni, nikatema mate uani.

"Baba, hapa watu wanakula," nilimwambia mume wangu. "Hii uchafu utaiweka fasi gani?"

"Hapa mbele, fasi wageni wanaona. Mahoteli ya wakubwa yote iko nayo."

Mimi si mtu wa kuogopa samaki. Kule Nakivale nilipasua ngege wa ziwani tangu msichana, matumbo yakinitiririkia viganjani, na bado nikala kwa hamu. Lakini huu ulikuwa uchafu wa nyumba ya watu wengine, umelala humo miezi na miezi.

Nilichukua sabuni. Mume wangu akaninyang'anya.

"Sabuni inabakia mu kioo. Masamaki itakufa."

Basi nikasugua kwa chumvi na ndimu, kitambaa kimefungwa puani, uchafu ukiniingia chini ya kucha. Mchana ule nilishindwa kula ugali kwa mkono. Nilitumia kijiko, watoto wakanicheka.

Alilijaza maji uani akaliacha hadi kesho yake. Halikuvuja. Akalimwaga, akalipandisha juu ya kabati karibu na mlango. Sakafu yetu ilikuwa imejengwa kwa mteremko, ili maji ya kudekia yatoke nje, na kabati nalo lilifuata mteremko huo. Alipoanza kumimina, niliona maji yamepanda upande wa mlango na kushuka upande wa ukuta.

"Limeinama," nilisema.

"Kidogo tu." Akakunja kipande cha katoni, akakisukuma chini ya pembe ya kioo, akaendelea kumimina.

Tulisikia mlio mkavu. Gundi ya pembe ile ilikuwa imeachia. Maji yakashuka kabatini, yakapita chini ya meza ya dereva wa bodaboda aliyekuwa amevua viatu ili ale kwa raha. Bado yalinuka kuku. Yule bwana aliinua miguu, akatazama mchuzi wake, akasukuma sahani.

"Nyinyi mnapika na hii maji?"

Mume wangu alicheka. Hapo nilimchukia kuliko lile tangi.

"Toa maji yote," nilimwambia. "Ukimaliza, ufanye vizuri ao ulitupe."

Alikwangua gundi kuukuu kwa wembe, akapaka mpya, tukangoja mpaka ilipokauka na kuacha kunuka siki. Kabati likaondoka. Aliunda meza ya mbao nene, miguu imetanuka. Kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani aliazima nivo, ule ubao wenye kitone cha hewa ndani ya maji. Aliulaza kwa urefu wa meza, kwa upana, kisha kutoka pembe hadi pembe, akitia vipande vya mbao chini ya miguu ya meza mpaka kitone kikatulia katikati. Chini ya kioo hakutia kitu ila sponji nyembamba, ili hata chembe ya mchanga isikiume. Sponji hiyo aliikata kwenye godoro la mtoto wetu mdogo, na kila mama anajua godoro la mtoto linanuka nini. Niliifua mara mbili.

Nikaisukuma meza kwa kiuno. Ikatikisika. Akaipigilia misumari kwenye nguzo ya ukuta. Tulijaza nusu, tukapima kwa kijiti kila pembe: maji yalikuwa sawa. Nikapitisha kiganja chini yake, pakavu. Tukajaza.

Samaki wadogo wekundu wakaingia, na tangi halikuvuja tena. Mama mkwe alipokuja kutoka Nakivale alilitazama kwa muda.

"Munayalisha," aliuliza, "halafu hamuyakule?"

Wageni walilipenda. Mmoja, mnene, mwenye saa inayong'aa, alimaliza kula nyama, akainuka, akatumbukiza vidole vyake vya mafuta humo humo na kuvisuuza. Mafuta yalitanda juu kwa miduara. Samaki wakapanda kudonoa vipande vya nyama vilivyotoka kwenye kucha zake.

"Bwana, toka," nilimwambia.

Alidhani natania. Nilisimama hapo hapo, ndoo mkononi, mpaka akatoka. Mume wangu alinikasirikia, lakini jioni ileile alikata ubao akaufanya kifuniko. Tangu siku hiyo nilikula jikoni, nimesimama, uso ukutani, nisilione lile tangi.