Sufuria Juu ya Paa

Kifaa nilichofunga juu ya paa la mama, hapa Nyamongo, ni kidogo kuliko sahani ya chai. Kinapokea mawimbi ya setilaiti. Mawimbi hayo yakipita kwenye hewa yenye mvuke huchelewa kidogo sana, na ukipima kuchelewa huko unajua angani kuna unyevu kiasi gani, hata kama hakuna wingu. Vifaa vya wakubwa ni ghali. Changu cha bei rahisi nilikiunganisha mwenyewe, na niliringa bila haya.

Lakini kwetu, ukionekana na chombo cha kupimia, basi umefuata dhahabu. Baba mdogo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hakuniuliza neno. Alianza kutegesha: akasimamisha chumba cha bati jipya kupita kimo cha paa letu, ili mgodi ukitwaa ardhi, wathamini wa fidia wamkute na jengo. Bati likaziba anga upande mmoja, mawimbi yakawa yanaligonga na kurudi. Vipimo vikavurugika, na vuli ilikuwa inakaribia. Bila vipimo safi vya kabla ya mvua, kazi yangu yote ilikuwa bure. Nilifura.

"Ukimfokea baba yako mdogo," mama alinionya, "utalala nje na hilo dude lako."

Basi nikamwamkia shikamoo, nikamwomba apande ngazi. Nikampa simu yenye nukta za kijani, kila nukta setilaiti moja, kisha nikampa sufuria ya ugali afunike kifaa. Nukta zikaanza kupotea, skrini ikabaki tupu. Akafunua, zikarudi. Akafunika tena.

"Kwa hiyo hakiangalii chini?"

"Kinaangalia juu, baba mdogo. Kinatafuta mvua."

"Na dhahabu?"

"Hakuna."

Alitoa tusi la Kikurya ambalo mama alijifanya hakulisikia. Asubuhi yake aliezua bati mwenyewe.

Vuli ilipofika, mchana mmoja wa jua kali mstari wa unyevu kwenye kompyuta ulipanda na kuendelea kupanda. Nikawaambia mama na baba mdogo waanue ulezi walioanika. Baba mdogo alicheka, lakini alianua. Jioni mvua ikamwagika, na mimi nikacheza barazani kama niliyeileta.

Siku hizi waendesha bodaboda wakisimama kunong'ona kuhusu dhahabu, huwa sipati nafasi ya kujibu. Baba mdogo anakuja na ngazi na sufuria. Mama imebidi anunue sufuria nyingine.

"Ni cha mwanangu," baba mdogo anawaambia. "Amekitengeneza yeye. Pandeni mwone."