Siku Tisa Nyuma ya Zuhura

Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila hicho nisingepata pasi ya kwendea Hija. Mume wangu alikwishapata yake. Basi nikafunika cherehani yangu hapa Mtanda, Lindi, nikaenda Kilwa, nilikozaliwa na nisikokujua. Mama alifariki nikiwa kichanga, shangazi akaja kunichukua, akanilea Lindi.

Saa sita mchana nilishuka Nangurukuru, nikala wali maharage kibandani, nikapanda gari la Kilwa Masoko. Afisa wa vizazi na vifo, kijana mpole, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, nahitaji tarehe, na mtu aliyekuwepo ulipozaliwa."

Aliyejua ni shangazi, na tulimzika mwaka juzi. Cheti chake cha kifo ninacho kabatini.

Kesho yake asubuhi nilifika Pande, kijiji ambacho shangazi alinitajia kuwa ndiko nilikozaliwa. Mtendaji wa kijiji alinipeleka kwa Bi Somoe, mkunga wa zamani, nikamkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nikamtajia baba. Aliweka kisu chini.

"Wa Rukia," alisema. "Nilikupokea mimi. Siku zile mtoto wa kuzaliwa nyumbani hakuandikwa popote. Shehe aliandika ndoa, basi. Ndoa ya mama yako imo daftarini, wewe humo. Alifariki siku ya tatu. Zuhura wangu alikuwa na siku tisa ulipozaliwa, nikawanyonyesha wote wawili, miezi minne, mpaka shangazi yako alipokuja."

Hakuna aliyewahi kuniambia. Nililia, naye akaniacha nilie. Kisha akatoa kadi ya Zuhura, aliyezaliwa zahanati, tukahesabu kwa vidole siku tisa baada ya tarehe yake.

Alhamisi tulikwenda Masoko pamoja, ingawa magoti yanamsumbua.

"Uhusiano wako na mwombaji?" afisa alimuuliza.

"Mama yake wa kunyonya."

"Hapa kuna nafasi ya shahidi tu, bibi."

"Andika shahidi. Lakini wewe ujue."

Nilirudi Lindi, na baada ya wiki kadhaa cheti kikatoka. Nashukuru kwa karatasi ile, lakini safari imenifunza kwamba kuna mtu aliyezihesabu siku zangu tangu ya kwanza, bila daftari. Kila Ijumaa nampigia simu. Nasema, "Shikamoo, mama." Anajibu, "Marahaba, mwanangu," halafu ananiuliza nimekula nini.