Rafu Zangu na Chumba cha Mama Yake

Nilipopewa kazi ya kutengeneza mwongozo wa utafiti kwenye tovuti ya maktaba yetu ya sheria, katikati ya jiji, nilimshukuru Mungu, nikaupanga kama nilivyozipanga rafu miaka yote: Katiba kwanza, kisha sheria za Bunge, kisha ripoti za kesi, mwisho majarida. Juu kabisa niliweka picha kubwa ya jengo. Intaneti ya miaka ile ilikuwa nzito, na wanafunzi walinitania kwamba Ustadh, yaani mimi, anataka walisome jengo kwanza. Nilicheka nao. Kisha nikabandika tangazo mezani kwangu: tazama mwongozo kabla ya kuuliza.

Mwanafunzi mmoja wa jioni, binti karani aliyekaa mtaa wa Jamhuri na mama yake, alikuja kuuliza. Mama alikuwa na chumba cha kusukia nywele kwenye soko la Kenyatta Market, na mwenye jengo alikuwa amempa notisi ahame. Sikumwacha amalize. Nilimwonyesha tangazo kwa kidole.

Alikwenda saiba, duka la kulipia intaneti, saa za chakula cha mchana, siku tatu mfululizo. Alichohitaji kilikuwa jambo moja tu: kwamba mpangaji wa biashara hupeleka pingamizi lake kwenye baraza la kesi za wapangaji kabla ya siku ya notisi kufika. Nilikuwa nimeliandika. Lilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa sheria za Bunge, mahali pake kwa mpango wa rafu. Alipolifikia, siku ilikuwa imepita, na mashine za kukaushia nywele zilikuwa nje, zimefunikwa kwa leso.

Aliporudi kunieleza, nilimwomba akae kwenye kompyuta anionyeshe njia aliyopita. Nilisimama nyuma yake. Alibofya, akarudi, akabofya tena, akangoja picha ya jengo ifunguke. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Umepanga vitabu vizuri, Ustadh," alisema bila kugeuka. "Lakini mimi sikuwa natafuta kitabu. Mama alikuwa anafukuzwa."

Wiki ile niliuvunja mwongozo wote, nikauanza upya kwa shida za watu. Mstari wa kwanza ukawa: umepewa notisi? Tazama siku kwanza. Picha niliitoa, na tangazo nikalibandua.

Tulifundishwa madrasa, tukiwa wadogo, kwamba Mungu husamehe haki yake, ila haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Nikamwomba yule binti radhi.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini chumba hakikuwa changu."

Jumamosi nilikwenda Kenyatta Market kumtafuta mama yake nimwombe radhi. Ndani ya chumba kile mtu alikuwa akikata nyama ya kuchoma. Aliniambia kwamba yule mama alikuwa amerudi kwao mashambani tangu juzi, na hakusema kama atarudi. Nilimshukuru, nikasimama kidogo penye moshi, kisha nikarudi mjini kwa miguu.